Msitu Unaokwenda Kuulinda

Kabula mwanangu,

Habari za nauli, chakula cha njiani na mahali pa kushonea pesa ndani ya nguo, shangazi yako ameshakueleza mpaka umechoka. Mimi sitazirudia. Barua hii nitaikunja ndani ya shati la sare yako mpya, lile ulilolivaa juzi ukazunguka nalo uani majirani wakikupigia vigelegele. Usiisome Kahama wala Dodoma. Isome ukishavuka daraja la Mto Rufiji, ukiona miti inaanza kuisogelea barabara pande zote mbili.

Juzi uliniuliza, "Baba, mbona hujafurahi?" Nikakujibu kofia imekukaa vizuri. Ni kweli imekukaa vizuri. Lakini uliponisomea jina la kituo ulichopangiwa, nilitoka nikaenda kukaa zizini kwa mbuzi. Wewe ulisema, "Wamenipeleka pwani, Baba," kama mtu anayekwenda kuogelea. Ile pwani naijua. Nawe uliishi huko mpaka ukaanza kung'oka meno, ila hukumbuki, au unakumbuka na hujawahi kunitajia.

Pwani ile ina uso na ina mgongo. Uso wake ni bahari, mikoko na minazi, na wale wenye mahoteli wanaishia hapo. Mgongo wake ni msitu. Ukiacha lami ukaingia ndani kuelekea Mto Matandu, bahari unaisahau kabla pikipiki haijamaliza mafuta ya kwanza. Unakuta mikorosho, halafu mashamba ya ufuta, halafu mihogo, halafu miti mitupu: mininga, mikongo, mipingo yenye miba na shina jeusi ndani kama mkaa. Watu wa huko wanakula kutokana na msitu huo. Wanauza ufuta na korosho kwenye ghala la ushirika, mbao zenye kibali mchana na zisizo na kibali wakati mwingine, na mkaa unaopakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam. Msitu ukiisha, hawana kitu kingine. Hayo chuo kimekufundisha. Ambacho hakikukufundisha ni jinsi sisi tulivyofika pale.

Babu yako alikuwa mtoto wa kuchunga ndama alipoona wazee wanakusanywa kukata miti huku kwetu, mbuga baada ya mbuga, ili mbung'o wakose kivuli wafe. Wakafa kweli. Ng'ombe wakaongezeka, watu wakalima pamba, mifugo ikala mpaka mizizi. Mimi nimezaliwa Shinyanga ambayo unamwona mtu anakuja tangu akiwa mdogo kama siafu. Zile ngitili, vipande vya malisho ambavyo kila familia ilifunga kwa ajili ya kiangazi, tulizifungua mapema kila mwaka, mpaka hapakuwa na cha kufungua. Ndipo kaka yangu Luhende, baba yako mkubwa, aliporudi kutoka kusini akasema, "Maganga, kule nyasi zinamfunika ndama. Unamtafuta kwa kengele."

Tuliuza baadhi ya ng'ombe tukapata malori ya kubebea wengine. Mama yako Minza alikupakata wewe kwenye kebini ya lori muda wote. Tulipofika ukingo wa kijiji cha Nakilongo tukashusha mifugo, Luhende alisimama akazungusha mkono akasema, "Hapa Mungu alisahau kuweka watu."

Hakusahau. Asubuhi yake alitokea mama mmoja mzee kwenye kichaka, kanga mbili, jembe begani. Aliitwa Bi Somoe. Akatuangalia, akaangalia ng'ombe, akacheka.

"Nyinyi watani zetu mmekuja na kijiji kizima chenye pembe! Mtakilaza wapi?"

Mama yako alimpenda siku hiyohiyo. Alikwenda kwake na maziwa, akarudi na mihogo na jinsi ya kupika kisamvu kwa nazi. Bi Somoe alimwonyesha msandarusi, mti ambao utomvu wake mababu zao waliufukua ardhini ukiwa umegeuka kama kioo, wakawauzia wageni wa majahazi. "Babu yangu alikufa kwenye shimo la sandarusi," alimwambia. "Tajiri akapata cha kupaka kwenye kabati lake." Miaka ya baadaye, nikiwa ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu na udongo unanimwagikia shingoni, nilimkumbuka babu wa Bi Somoe mara nyingi.

Eneo tulilojenga boma lilikuwa ndani ya msitu wa hifadhi. Tulijua. Mwenyekiti wa kijiji alitupa ruhusa ambayo haikuwa yake, sisi tukampa dume. Halafu akaja bwana misitu na pikipiki. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, ametoka mkoa wa mbali kama sisi. Alituambia tuna wiki moja tu tuondoke. Mama yako akamwekea kigoda, akamletea maziwa ya mgando na ugali. Wewe ulikuwa na homa siku hiyo, umelala kwenye ngozi. Akakutazama, akasema, "Basi, mtoto apone kwanza."

Ulipona. Akaja tena, tukamchinjia mbuzi. Akaja tena na dawa ya mtoto aliyoinunua kwa hela yake. Alimwita mama yako dada, nawe alikuwa akikupakia mbele kwenye tangi la pikipiki anakuzungusha boma zima unacheka mpaka unakohoa. Wakubwa wake wakipanga kuja kukagua, alituma neno mapema tukasogeza ng'ombe. Hakuwa mla rushwa, Kabula, ningependa uelewe hilo. Wengine niliowapa dume niliwadharau. Huyu nilimpenda. Alishindwa tu kututoa, kwa sababu alikuwa ameshakula kwetu na alikuwa anayajua majina yetu.

Nasi tulipoona hatuguswi, tukawaita wenzetu. Luhende alipanda mahali penye mtandao akapiga simu kote Usukumani, Kharumwa, Bukombe, Meatu. Watu wakaja na makundi yao. Kila aliyekuja alikata miti ya boma na kufyeka ya shamba la mahindi. Mahali Luhende aliposema pamesahauliwa, ukipiga mluzi unajibiwa na watu kumi. Lile bwawa la mto ambalo wanawake wa Nakilongo walichota maji ya kunywa likawa tope lenye mkojo.

Mwaka ule ufuta ulikuwa na bei. Bi Somoe alilima yeye na mwanawe Hamisi shamba ambalo sijaona la kulingana nalo kwa usafi. Ng'ombe wangu waliingia humo mchana mmoja, vichwa vya ufuta vimeanza kukauka, wakapita kama gari. Alikuja bomani peke yake. Hakupiga kelele.

"Baba Kabula, ufuta ule ni bati la nyumba yangu. Ni dawa yangu. Nikifa ni sanda yangu."

Wachungaji walikuwa wamekaa pale, Luhende yupo, nami nikataka nionekane mwanaume. Nikamwambia, "Mama, ng'ombe hajui mpaka."

Wakacheka. Mama yako alitoka ndani akanitazama, halafu akamsindikiza Bi Somoe mpaka njia panda. Bi Somoe alikwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamwambia suala hilo ni la msitu. Akaenda kwa bwana misitu. Bwana misitu akaja kwangu ameinamisha kichwa: "Kaka, mlipeni kidogo yule mama, mambo yaishe." Nikasema nitamlipa. Naye akaniambia "usiogope," akaondoka. Nilimwahidi, lakini yule mama sikumlipa, na hakuna aliyenifuatilia.

Ng'ombe wakarudi shambani humo mara ya pili. Safari hii Hamisi alimkamata dume la Luhende akalifunga kwenye mkorosho wake, akasema halitoki mpaka mama yake alipwe. Luhende alikwenda na fimbo. Alimpiga Hamisi mbele ya watoto wake, na fimbo moja ikalipasua jicho. Halikupona.

Unajua kwamba mama yako aliuawa kwenye vurugu. Ilikuwaje, hukuniuliza, nami nilishukuru kwamba hukuniuliza. Sasa unakwenda pale pale, na watakusimulia watu wengine kwa namna yao. Bora usikie kwangu.

Bwawa lilikuwa limekauka. Wanaume wote tulikuwa tumepeleka ng'ombe kunywa maji mbali, bomani wamebaki wanawake, watoto na ndama. Mchana nikaona moshi upande wa kwetu. Nikamwonyesha Luhende. Akasema, "Tanuri la mkaa hilo." Nikakubali, kwa kuwa kule moshi ni kitu cha kila siku. Tukaendelea kunywesha. Tulinywesha mpaka ng'ombe wa mwisho, Kabula, ndipo tukaanza kurudi taratibu.

Kabla watu wa Nakilongo hawajatoka kijijini, Bi Somoe alikuwa amewatangulia. Alikuja anakimbia, mama wa umri ule, akamwambia Minza, "Toka. Wanakuja wote, wana mafuta ya taa." Wewe ulikuwa umelala. Akakuinua akakufunga mgongoni kwa kanga yake. Mama yako alitoka naye mpaka kwenye miti. Hapo akasikia ndama wanalia. Zizi lao nililijenga mwenyewe, nikaliezeka nyasi kwa sababu ya jua, na mlangoni nikapanga magogo mazito ili fisi wasiingie. Minza akasema, "Tangulia naye, nawafungulia hawa nakuja."

Hakuna aliyemgusa kwa panga. Walichoma boma wakaondoka, wengine wanasema hawakujua kuna mtu ndani ya zizi. Nawaamini baadhi. Aliweza kutoa magogo ya juu. Yale ya chini mimi na Luhende tulikuwa tukiyainua kwa kushirikiana.

Nilikukuta nyumbani kwa Bi Somoe jioni hiyo, unakula muwa. Hamisi amekaa kwenye mkeka, kitambaa kwenye jicho. Nilipiga magoti nikamshukuru yule mama. Akanijibu bila kuniangalia: "Sikumchukua kwa ajili yako. Nilimchukua kwa sababu alikuwa amelala."

Bwana misitu alikuja siku iliyofuata. Alikaa chini kwenye majivu na suruali yake ya sare, analia kwa sauti kama mtoto. Nikamshika kola. "Ulituambia wiki moja. Siku ile ya kwanza ulituambia wiki moja. Kwa nini hukututoa?"

"Niliwaonea huruma, kaka."

Hilo ndilo jibu lake. Sijapata kulisahau, na nimelitafuna kuliko chakula chochote. Angetutoa siku ile, ningemchukia maisha yangu yote. Tungelala njiani na ng'ombe wenye njaa, wengine wangekufa, na mama yako angekuwa hapa jikoni sasa hivi anagombana na shangazi yako kuhusu begi lako. Yule kijana alitugawia huruma kidogokidogo, mwaka mzima na zaidi, kwa moyo safi kabisa. Nami niliipokea nikafikiri nimeshinda.

Mama yako tulimzika pembeni ya shamba la ufuta, Bi Somoe ndiye aliyetoa mahali. Polisi walikamata watu wa pande zote mbili, baadaye wakawaachia. Ng'ombe waliobaki, wangu na wake, Luhende aliwakusanya akaingia nao ndani zaidi ya msitu. Mimi nilisema sitaki kuona hata mkia. Nikakubeba tukarudi huku, nikaenda machimboni Nyarugusu.

Kazi niliyoipata ilikuwa kupanga matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara zisituangukie. Yalikuja kwa malori, mabichi, yanatoka utomvu, yamekatwa kwenye misitu ya Geita inayoelekea ziwani. Nilikuwa nayashusha shimoni moja baada ya jingine. Hata huku nilipokimbilia, riziki yangu ilikuwa ni kuuzika msitu wa watu wengine chini ya ardhi. Siku duara la jirani lilipotitia, tulifukua magogo yamevunjika kama njiti na wenzetu wamekumbatiana nayo. Mimi nilitoka humo mkono wangu wa kushoto ukiwa hivi unavyouona, nikaja hapa Kharumwa kulima mpunga.

Uliwahi kujiuliza mtu wa mkono mmoja na nusu alikusomeshaje mpaka chuo? Kila ilipofika wakati wa ada, Luhende aliuza dume mnadani huko kusini akanitumia. Hakuwahi kukosa. Nguo zako za bweni, godoro lako, safari zako za mafunzo, zote ni ng'ombe waliokula nyasi za msitu unaokwenda kuulinda. Hujui kwa sababu aliniambia, "Usimwambie, atasoma kwa woga."

Ulipopata barua ya kazi nilimpigia. Nilisikia kengele za ng'ombe nyuma yake, na mtoto analia. Ameoa tena, ana watoto wadogo.

"Kaka, Kabula ameajiriwa."

"Mungu mkubwa! Kazi gani?"

"Misitu."

"Wapi?"

"Huko huko kwako."

Alicheka, Kabula, alicheka mpaka akashindwa kuzungumza. "Yaani ng'ombe wangu wamenisomeshea bwana misitu wangu mwenyewe!"

"Hama kabla hajafika."

"Nihamie wapi? Huko kwenu kuna kivuli cha kulaza hata mbuzi? Maganga, mwache mayu, mwache mama aje. Nitamchinjia dume. Atakula kwangu, atalala kwangu. Nani atanigusa sasa?"

"Maji yakoje?"

"Yamepungua. Watu wa kijiji wana maneno maneno, si unawajua." Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala usingizi mzuri, "Lakini sasa yupo mwanangu."

Nilikata simu, nikaanza kutafuta karatasi ya kukuandikia.

Kwa hiyo nisikilize. Ukifika, kabla hujaripoti ofisini, tafuta nyumba ya Bi Somoe. Sijui kama yuko hai. Kama yupo, mwamkie, mwambie wewe ni mtoto wa Minza. Usimwombe radhi kwa ajili yangu, hiyo si kazi yako na hataihitaji. Kama ni Hamisi atakayefungua mlango, mwangalie usoni, usilikwepe jicho.

Halafu nenda kwa baba yako mkubwa. Mwamkie ukiwa umesimama. Akikuletea kigoda usikae. Akikuletea maziwa usinywe, hata kama umetembea tangu alfajiri na koo limekauka, hata kama anayekuletea ni mtoto wake mdogo ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hapo ndipo patakapokuwa pagumu kuliko popote. Usiulize watoto wake wanaitwa nani. Mwambie aondoke. Mwambie sasa hivi, wakati nyasi bado zipo na njiani kuna maji, ng'ombe wanaweza kutembea. Mpe muda wa kutosha kutembea, usimpe muda wa kutosha kukuzoea. Akikataa, rudi na wenzako. Usichome kitu chochote, na simama hapo mpaka ndama wa mwisho atoke. Usimwachie mwenzako kazi hiyo ukajificha ofisini, maana mwenzako atachinjiwa.

Atakukumbusha aliyekusomesha. Usibishe, ni kweli. Mke wake atakutupia watoto miguuni, utaambiwa huna damu, utaambiwa umekuwa mbaya kuliko watu wa Nakilongo. Huku nyumbani ukoo utaniitia kikao, na baadhi hawatakupokea tena kwenye misiba. Nitakuwepo kwenye kikao hicho na nitasema ni mimi niliyekutuma.

Unaweza kuniona sina utu, mzee anayemtuma binti yake akamfukuze ndugu yake wa damu, ndugu aliyemlisha. Niite unavyotaka. Mimi nimeshaona utu wa aina ile nyingine ulivyofanya kazi.

Luhende atakulaani, Kabula. Ana ulimi mkali na atautumia wote, mbele ya watu. Simama umsikilize mpaka amalize. Anayelaani anapumua bado.

Baba yako,
Maganga